Nywele za Upande Mmoja

Msusi wa saluni ya kona walimwita Mama Vidole, kwa sababu vidole vyake havikujua kutulia. Mdomo nao, wacha tu. Anayesukwa humpa msusi mgongo, na mtu asiyetazamwa usoni husema yote. Ndiyo maana gonjwa lilipoingia, habari zake zilipita pale kwanza: vitunguu vinalifukuza, barakoa inaharibu mapafu, na hospitali, mama wee, ni kwenda tu, kurudi hakuna! Mama Vidole mengine aliyacheka, lakini hilo la hospitali aliliamini kama wenzake.

Siku hiyo alikuwa anamsuka mke wa fundi welda, mjamzito, tumbo limetangulia. Upande wa kushoto ulishakwisha. Alipohamia kulia, ngozi ya kichwa ikamuunguza vidole, na binti mwenyewe alikuwa anavuta pumzi kwa shida.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Mafua tu, mama."

"Mafua gani ya kukukata pumzi? Twende hospitali."

Mama muuza mitumba, aliyekuwa akingoja zamu, akadakia, "Thubutu! Wakamchome sindano ya kummaliza, yeye na mtoto wake?"

Binti akaanza kulia. "Usinipeleke, mama, nitafia huko. Na nitatokaje nje na nywele za upande mmoja?"

Mama Vidole aliogopa, tusidanganyane. Lakini moto ule alishaugusa kwa mikono yake. Akamfunga kitambaa kichwani. "Utaenda na upande mmoja, utarudi nimalizie wa pili. Kazi yangu siiachi nusu. Haya, nyanyuka."

Alimkokota hivyohivyo hadi muuguzi alipompokea na kumwekea hewa ya mtungi. Mama Vidole akaambiwa akae ndani kwake kwanza, asije akawaambukiza wengine, naye akakaa. Alipofungua saluni, nyie! Hakuja hata nzi. Wateja walivuka barabara wasipite mlangoni kwake. Wifi yake mwenyewe alimsalimia kutoka ng'ambo. Hayo aliyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni yule binti. Asiporudi, aliyemshika mkono kumpeleka ni nani, kama si yeye?

Asubuhi moja akasikia vigelegele nje. Katikati ya barabara alikuja mke wa fundi welda, barakoa usoni, kichwa wazi: kushoto mistari iliyochakaa, kulia timutimu. Nyuma yake mumewe amebeba kichanga, anatembea kama anakanyaga mayai.

"Si tuliambiwa umekufa?" mtu akauliza.

"Nimekufa, halafu nikazaa?"

Akaingia, akakaa kwenye kiti chake. "Wauguzi walitaka kunifumua, mama. Nikawaambia kichwa hiki kina mwenyewe, ananingoja."

"Na kitambaa changu?"

"Nimekivua makusudi. Nataka wakione kichwa kilekile kilichokwenda, ndicho kilichorudi. Mama, asante. Sina la kukulipa."

"Umerudi, mwanangu. Nidai nini tena?" Mama Vidole akafuta machozi kwa kiwiko, akashika kitana.

Mama muuza mitumba alikuwa amesimama mlangoni. "Shoga," akasema polepole, "mama yangu kifua kinambana tangu jana. Kule mnaingilia mlango gani?"

Mama Vidole akakiweka kitana chini.

"Nenda naye, mama," binti akasema. "Mimi nitangoja."