Regina na Tagi za Kilindini

Regina Nakolong alikuwa na studio ya picha karibu na soko la Isiolo. Mtu angetarajia ukutani mwake twiga na pundamilia. Yeye alitundika picha za tagi, zile boti fupi, nene, zinazovuta meli bandarini.

Aliziona kwanza Mombasa, alikokwenda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Wenzake walipokuwa wakichagua leso, yeye alisimama Likoni akitazama kiboti kimekaza kamba, na meli nzima ikikifuata nyuma kama ng'ombe aliyetolewa mnadani. Akacheka peke yake. Tangu hapo, kila alipopata nafasi alishuka pwani na kamera. Alizipiga picha tagi mpya zenye rangi nyekundu ya kung'aa, na kuukuu zilizoachwa kuliwa na kutu upande wa Mtongwe. Hizo kuukuu ndizo alizozipenda. Alisema zina sura za watu anaowajua.

Jirani yake Mungania, muuza miraa, hakumwamini hata kidogo.

"Mama Ewoi, wacha kutubeba ujinga. Hako kadude kavute meli? Hapo meli ndio inasukuma."

"Baba Kanana, umewahi kuona bahari?"

"Bahari si ni maji? Maji nimeona."

Sokoni wakamuunga mkono Mungania, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa. Siku Mungania alipokuja kupigwa picha ya pasipoti, Regina alimketisha vizuri, akamwomba ainue kidevu kidogo, kama mtu anayetazama mbali. Alipotoka tu, Regina akaingia kwenye kompyuta, akambandika juu ya tagi kuukuu, akamvika kofia nyeupe ya nahodha. Picha akaitundika dirishani, kubwa kama mlango.

Alingoja matusi. Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa likimwita Mungania Kapteni. Mwenyewe akaja, akasimama mbele ya dirisha, mikono nyuma, akajitazama kwa muda.

"Kofia imenikaa," akasema, akaenda zake.

Hapo mambo yakamgeukia Regina. Mungania alianza kusimulia. Kila mteja wa miraa aliondoka na hadithi juu yake: alivyoikokota meli ya ngano katikati ya dhoruba, alivyopita kwenye mfereji wa Suez, mwembamba hivi kwamba ngamia wa kando walimnusa. Wafugaji waliotoka Korbesa na mbuzi wa kuuza walipitia kibandani kwake kwanza. Regina akabaki kuwa mpiga picha wa Kapteni.

Kisha Umuro akarudi nyumbani likizo. Alikuwa kijana wa Biliqo, na kazi yake ilikuwa kushika kamba kwenye tagi kule Kilindini. Alipoiona ile picha akaingia studio kuuliza. Regina hakuweza kujizuia. Alimvusha barabara mwenyewe hadi kibandani kwa Mungania.

"Kapteni, nimekuletea mwenzako wa kazi."

Wateja wakasogea karibu. Umuro akamsalimu Mungania kwa heshima, akauliza, "Mzee, ulikuwa tagi gani?"

Mungania akaacha kutafuna. Akamtazama Regina, na Regina akaona uso uliokonda ghafla. Furaha yote ikamtoka.

"Ile inaoza Mtongwe," akadakia. "Ninazo picha zake."

Umuro akawaangalia wote wawili. Mdomo ukamcheza kidogo.

"Hiyo naijua. Injini yake ilikuwa inasumbua."

"Sana," Mungania akasema kwa huzuni, akamfungia Umuro kifurushi bora zaidi cha miraa.

Kabla ya kuondoka Umuro aliwaalika Mombasa, nao wakaenda baada ya Pasaka. Juu ya feri ya Likoni Kapteni alikumbatia nguzo, macho amefumba, akisali kwa Kimeru, huku nchi kavu ikionekana pande zote mbili. Regina akampiga picha kwa simu.

"Mama Ewoi, hiyo usiiweke dirishani."

"Siwezi, Baba Kanana. Naapa."

Na kweli hakuiweka. Feri ilipogusa ng'ambo, picha ilikuwa imeshamfikia Kiende, mke wa Mungania, ambaye tayari alikuwa akipita nayo kibanda hadi kibanda kule Isiolo.