Miguu ya Bi Zuhura na Santuri Iliyovunjika

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinipa santuri chafu akaniuliza nitaisafisha kwa kitu gani. Nikajibu kwa spirit. Nilikuwa nimetoka kwenye maghala ya uwanja wa ndege, na huko kila kitu tulikisugua kwa spirit.

"Basi wimbo kwaheri," akasema. "Hiyo ni lakiri, mama. Spirit itaiyeyusha kama sukari kwenye chai."

Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji. Karakana yenyewe ilikuwa Hayes, magharibi mwa London, chumba kimoja nyuma ya duka la matairi. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha sauti kutoka kwenye santuri za zamani, kwanza kwenye kanda, baadaye kwenye kompyuta. Zilizonisisimua ni za miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, askari walipotoka Burma, wengine na magitaa begani, na nyimbo za dansi zikavuma kutoka Mombasa hadi Kigoma. Wimbo mmoja kila upande, dakika tatu, kisha mtu anainuka kugeuza.

Nilianza kama msafishaji, kwa maji yaliyochemshwa na brashi laini. Kisha nikawa mchagua sindano. Mfereji wa santuri ukilika juu, unatafuta sindano nyembamba inayofika chini, ambako hakujaguswa, na sauti inachomoka kana kwamba imerekodiwa jana. Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilikimbia hadi dukani kuwaita wauza matairi waje wasikie. Mwishowe nikapewa cheo cha fundi wa kuhamisha sauti.

Ni katika cheo hicho nilipompokea Bi Zuhura, mjane wa Tanga aliyeishi Thamesmead, upande wa pili wa jiji. Alikuja na fimbo yake na mjukuu wake, Rehema, aliyebeba santuri ndani ya foronya. Ilikuwa vipande viwili. Mwimbaji alikuwa marehemu mume wake. Wimbo huo, alisema, ulipigwa katika kila harusi ya pwani, na nakala nyingine hakuwahi kuiona.

"Huyu hajamsikia babu yake," akasema, akimwonyesha Rehema kwa kidevu. "Wala baba yake hakumbuki vizuri. Nikiondoka mimi, basi."

Nilivilaza vipande juu ya santuri nzima, nikavibana kingo kwa nta, nikashusha sindano. Kila ilipovuka ufa iliruka kidogo, lakini haikutoka. Sauti yote ikaingia kwenye kompyuta. Nikaisafisha, nikaizima ile milio ya ufa, nikawapigia wimbo kwa majivuno, Mkuu akiwa amesimama kando.

Bi Zuhura akasikiliza hadi mwisho.

"Huyu si mume wangu," akasema. "Singasinga, nimekuletea mume, unanirudishia mtoto wa madrasa."

Rehema akamwambia kwa Kiingereza kwamba jina la babu limeandikwa kwenye karatasi ya santuri.

"Karatasi haikulala na mimi," bibi akajibu, akaanza kutafuta fimbo yake.

Mkuu alicheka hadi akashika meza, lakini alikuwa ameelewa. Santuri zile zilipaswa kuzunguka mara sabini na nane kwa dakika. Waliokuja kurekodi Afrika Mashariki walibeba mitambo safarini, na umeme ukiwa hafifu, mtambo ulizunguka polepole. Ukiipiga kwa mwendo wa kawaida, muziki unakimbia na sauti inakuwa nyembamba. Tatizo ni kujua ulipungua kiasi gani.

"Mama, mlikuwa mnaucheza vipi?" akamuuliza.

"Masikio yamezeeka. Miguu bado. Sogezeni hiyo meza."

Tuliisogeza hadi ukutani. Akampa Rehema fimbo, akamshika mabega, akaanza kupiga hatua. "Haraka mno. Kwa mwendo huu tungeangukiana." Nikapunguza. "Bado." Nikapunguza tena. "Sasa mnanizika." Nikapandisha kidogo sana.

Miguu ikakaa kwenye mdundo. Gitaa likatulia, na kwenye ubeti wa pili sauti nzito ya mwanamume ikajaza chumba. Bi Zuhura akasimama pale pale.

"Ndiye," akasema. Kisha akamgeukia mjukuu: "Umesikia anavyoringa?"

Rehema, aliyekuwa akijibu kila kitu kwa Kiingereza, akasema, "Nimesikia, bibi. Rudisha mwanzo."

Tulirudisha hadi wauza matairi wakaja kuchungulia.

Nimestaafu sasa. Kijana aliyerithi kazi yangu ana programu zinazokadiria zenyewe mwendo wa santuri, na nyingi zinapatia, nazifurahia kweli. Siku ya kuagana aliniuliza kama kuna agizo lolote. Nikamwambia meza ibaki ukutani, maana anayeleta santuri huenda akahitaji nafasi ya kucheza.