Mzee wa Muyombo Aliyekataa Kuondoka Kolwezi

Cheka ukitaka, lakini haya niliyaona mimi mwenyewe, mchana kweupe, bila tone la pombe tumboni. Hata bukari, ugali wetu, haikuwamo.

Unijue kwanza. Mi ni mutu wa nyumba. Mtaani kwetu Kolwezi waliniita Kuku wa Mayai, kwa sababu kunitoa nje ya lupango langu, kiwanja cha nyumba yangu, ilikuwa kazi. Sasa fikiria mutu kama huyo anafukuzwa! Wakati ule sisi wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa Kolwezi, tulilala kituo cha treni: mi, bibi niliyemwoa, Ngalula, na mama yangu. Treni haikuja. Mama akashikwa na homa mbaya.

Jirani yetu Tata Muteba, Mulunda, kabila la wenyeji wa pale, aliona aibu kwa tuliyotendewa, akatukatia nguzo za kushikilia turubai. Alizikata kwenye muyombo wa lupango lake, mti uliopandwa na babu yake kwa ajili ya wafu wa ukoo. Muyombo haukatwi ovyo. Unaupaka kwanza pemba, ule udongo mweupe, na unaongea nao. Lakini Tata Muteba ni mutu wa kwaya ya kanisa, aliogopa kuchekwa, akakata bila kuomba.

Adhuhuri moja, Ngalula amekwenda kuteka maji, nikakuta mwanamke mzee ameketi karibu na kichwa cha mama, ameshika nguzo ya katikati. Paji lake lilipakwa pemba. Watu walijaa kila upande. Nani alimtazama? Hakuna.

“Nani alikuambia unilete huku?” akauliza. “Mi siondoki Kolwezi.”

“Mama, hata mi sikupenda kuondoka.”

“Basi tunafanana. Unirudishe. Nitabaki na mugonjwa wako mpaka utimize.”

Ngalula aliporudi, hakumwona. Aliona majani tu: nguzo ile kavu ilikuwa imechipua pale mkono wa mzee uliposhika. Nikaanza kuing'oa.

“Unaenda wapi na hiyo? Kule banapiga batu!”

“Nairudisha.”

“Weye? Weye mwenye kuogopa soko?”

“Njo mimi, mimi mwenyewe.”

Ningefanya nini, nimwache mama yangu mikononi mwa mzee yule? Nilibeba nguzo begani, nikapita njia ileile tuliyofukuzwa. Vijana wenye fimbo walinisogelea, kisha wakapisha. Amini, sijui waliona nani nyuma yangu. Sikugeuka.

Tata Muteba alipoyaona majani alipiga magoti. Akapaka pemba shinani, akaomba radhi kwa lugha ya Kilunda, kwa sauti, majirani wakisikia. Kisha akakata tawi dogo, akanipa.

“Sasa nimemuomba, ndugu yangu. Amekubali kuwafuata. Usimulaze chini ya mizigo.”

Kumbe mzee hakuchukia safari. Alichukia kubebwa bila kuulizwa. Nilimwelewa sana.

Niliporudi, mama ameketi, anauliza kama kuna bukari.

Tawi lile leo ni mti mlangoni kwangu, huku Kasai, maana treni ilikuja mwishowe. Mama alikaa kivulini mwake miaka mingi. Mi siwezi kwenda hata chooni bila kuuaga, na Ngalula anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini siku nikisahau, nikirudi nakuta alama ya pemba mlangoni, na pemba mi sina.

Kwa hiyo, ndugu, kabla hujakata tawi, au kung'oa mutu kwenye lupango lake, uliza kwanza nani anakaa mule. Na ngoja ajibu.