Kiraka Alichokitaka Baba Mkwe

Mtu akiniuliza mchezo fulani wa zamani wa kompyuta achukue toleo gani, namjibu kabla hajamaliza swali. Toleo la kwanza la diski lina muziki wote, ila linagoma kwenye kompyuta za siku hizi. Toleo linalouzwa sasa mtandaoni, lililopakwa rangi upya, linameremeta kama sufuria ya harusi, na ukilicheza saa mbili unagundua wameondoa nusu ya utamu. Dawa ni kuchukua la zamani na kulitia kiraka, yaani faili dogo ambalo mashabiki wenyewe hulitengeneza ili kurekebisha kilichoharibika. Viraka navyo si vyote vinavyofaa. Vingine ni vya watu wasiojua kukiacha kitu kizuri kilivyo. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, naishi Mungaa, na katika jambo hili sijawahi kumdanganya mtu, isipokuwa mmoja. Huyo ni baba wa mke wangu.

Baba mkwe anaishi Itigi. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na sasa ana mizinga yake ya nyuki vichakani na muda mwingi wa kukaa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilimpelekea kompyuta yangu ya zamani, ikiwa na mchezo wa kujenga miji na kupigana vita kwa zamu. Wewe unatoa amri zako, unahifadhi faili, unamtumia mwenzako kwa simu, naye anatoa zake. Vita vinaweza kuchukua miezi. Sikutegemea kama ataupenda, kumbe akaupenda kuliko mimi.

Katika vita vya kwanza niliuzingira mji wake mkuu. Zilibaki zamu mbili nimmalize. Siku hiyo mama mkwe akampigia mke wangu simu, akamwambia mzee hajala, amekaa tu mbele ya kompyuta na hasemi. Nilikuwa na miezi saba ndani ya ukoo ule. Mbele ya mzee nilikuwa natoa shikamoo nimeinamisha kichwa, nakaa mwisho wa benchi, nasema nikiulizwa. Mkwe gani anamteka baba wa mkewe? Nikawaamuru askari wangu warudi ng'ambo ya mto. Mzee akapata nafasi, akanipiga vibaya sana.

Kesho yake alinipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Aliongea nusu saa nzima, akanieleza nilipokosea, akacheka. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na hakuna mzee aliyewahi kunipigia simu kwa ajili ya kuongea tu. Niliipenda simu ile kuliko ushindi wowote. Vita vya pili nilishindwa makusudi ili anipigie tena, na akanipigia.

Tukaenda hivyo miaka minne, vita kumi na moja, vyote kashinda yeye. Nikawa fundi wa kushindwa. Nilijua kushindwa kwa shida, kwa kuchelewa kidogo, kwa kumpokonya kijiji kimoja kwanza ili asishtuke. Kule kituoni, wastaafu wenzake wanapokutana kutazama treni wasizopanda, alikuwa akiwaambia ana mkwe mwalimu wa hesabu na hesabu hizo hazijamsaidia kitu. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua, naye hakupenda. Aliniambia baba yake si mtoto. Nikamjibu kwamba yeye hajui mambo ya wakwe, kana kwamba mzee yule alikuwa baba yangu mimi.

Wiki chache kabla ya likizo ya Juni mzee akanipigia. Alikuwa amesoma mtandaoni kwamba mashabiki wametoa kiraka kipya. Inasemekana faili la mchezo huwa linatunza kila amri iliyotolewa tangu siku ya kwanza, ila mchezo wenyewe hauionyeshi. Kiraka hiki kinaifungua. Unaviona vita vyote kuanzia mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili, bila lile giza linalokufichia mambo ya adui, hata vya miaka iliyopita. Alitaka kuwaonyesha wenzake wa kituoni jinsi alivyonipiga.

"Wewe ndiye unayejua matoleo," akasema. "Kinafaa?"

Kiraka hicho nilikuwa nimekiweka kwenye kompyuta yangu siku ile ile kilipotoka. Ni kiraka bora kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa kwa mchezo ule. Nikamwambia hakifai, kinaharibu mafaili, waliokitengeneza ni watu wasio na uzoefu, asubiri kingine. Nilisema kwa sauti ile ile ninayowaambia wanafunzi kanuni ya pembetatu. Akasema sawa.

Wiki mbili zilizofuata sikuwa na amani. Vita vya kumi na mbili vilikuwa vinaendelea, lakini zamu zake zikaanza kuchelewa, na kila alipotuma faili aliambatanisha swali. Nilisoma wapi kwamba kinaharibu? Kinaharibu mafaili yapi, ya zamani au mapya? Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu naiacha iite, halafu namjibu kwa ujumbe, uongo juu ya uongo. Siku moja nikaandika ujumbe wa kumshauri afute vita vyote vya zamani, eti vinailemea kompyuta. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, akausoma.

"Ukiutuma huo," akasema, "nampigia baba sasa hivi."

Niliufuta. Lakini nilichukia kugundua kwamba nilikuwa tayari kumfutia mzee ushindi wake ili asijue haukuwa wake. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia Itigi likizo ilipofika.

Tuliingia mchana. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alimwambia mke wangu aende akamsaidie mama yake jikoni, kisha akaniambia nije. Kompyuta iko kwenye chumba cha mbele, karibu na madebe ya asali. Kwenye kona ya kioo niliiona alama ya kile kiraka.

Alinieleza taratibu kwamba alikiweka mwenyewe. Alinakili mafaili yote kwanza, kama nilivyomfundisha, na hakuna kilichoharibika. Alikuwa hajawaonyesha wenzake. Alianza kutazama peke yake jana yake, vita vya saba, ambavyo alivipenda kuliko vingine kwa sababu aliuteka mji wangu wa mtoni kwa jeshi dogo.

Akabonyeza. Vikosi vyangu tisa vilikuwa ndani ya ukuta. Jeshi lake, vikosi vitatu vilivyochoka, lilikuwa linakuja kutoka kusini. Kisha lango langu likafunguka, na vikosi vyote tisa vikatoka, vikaelekea magharibi mpaka kwenye kinamasi kisicho na kitu, vikasimama huko. Vitatu vyake vikaingia mji mtupu. Nilikumbuka zamu ile. Nilikumbuka pia alivyonisimulia kwenye simu kwamba alikaa siku mbili anaogopa kutoa amri ya kushambulia.

Akarudisha nyuma, akaonyesha tena. Akarudisha tena. Mama mkwe aliita chakula, akajibiwa asubiri.

"Hawa walikuwa wanakwenda wapi?"

Ningeweza kusema nilikosea. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Niliwatoa, baba. Ili uingie."

"Na vita vingine?"

"Vyote."

Alivua miwani, akaiweka mezani, akasugua macho kwa muda mrefu. Nilitamani anifokee.

"Kumbe miaka minne nimecheza peke yangu," akasema.

Nikaanza kujieleza, kwamba ilikuwa heshima, kwamba mkwe ni mkwe. Alinyoosha mkono kunizuia. "Heshima ni kunisalimia. Hiyo ilikuwa huruma, na sikukuomba."

Alifungua mchezo mpya, ramani ile ndogo kabisa, tupokezane kiti kimoja. Kwenye zamu yangu alitoka nje akasimama uani, kwenye yake nikatoka mimi. Chakula kililiwa katikati, mke wangu akinitazama bila kuuliza. Mzee alicheza kwa hasira na alicheza vizuri. Zamu ya kumi aliniteka mji mmoja, na hapo ndipo nikaona nilivyokuwa nimemdharau. Miaka yote sikuwahi kupima uwezo wake kwa sababu sikuwahi kumpa kitu cha kupambana nacho. Nikaanza kutoa jasho. Nikaficha farasi wangu msituni, nikamvuta mbele kidogo kidogo, naye akaja.

Zamu ya ishirini mji wake mkuu ulikuwa na kikosi kimoja. Safari hii hakutoka nje. Alisimama nyuma ya kiti changu, nikamsikia akipumua. Alikuwa amewaona farasi wangu wamefika langoni. Mkono wangu ukabaki juu ya kipanya, na bila kufikiri nikaanza kutafuta mahali pa kuwapeleka farasi, kwenye mto, kwenye kilima, popote.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Mji ukaanguka, bendera yake ikashuka. Baba mkwe alikwenda kuvuta kigoda kilichokuwa mlangoni, akakiweka kando ya kiti changu, akakaa bega lake likigusa langu, na kwa sauti ambayo bado ilikuwa na hasira akaniuliza farasi wale nilikuwa nimewaficha wapi.