Jezi za Sheikh

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na tangu jana uliponionesha jezi mpya ya klabu yenu, yenye jina la tajiri kifuani, imerudi yote. Wewe ulikuwa unacheka. Mimi nilishindwa hata kumaliza kahawa yangu.

Tulikuwa Matrah, huku Omani, mwaka wa tatu tangu tutoke Unguja. Vijana wa Kizanzibari tulikuwa na timu yetu ya mpira, na uwanja wetu ulikuwa changarawe tupu kule Ruwi; ukianguka, ngozi ya goti inabaki palepale. Mfanyabiashara mmoja wa mchele, Sheikh Hilal, akatupenda. Alitununulia jezi za kijani, viatu na mipira, kisha akaanza kutulipa mshahara. Kulipwa kwa kucheza! Mimi nilikuwa nikipima tende ghalani, nikaacha kazi siku ileile, na mke wangu ana mimba.

Bi Zuwena, shangazi yangu tuliyekaa kwake, akaniuliza, "Huyo Sheikh akichoka, klabu ina nini?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwakani tunarudi Unguja. Sote tulisema hivyo, kila mwaka. Kule kwetu klabu ilikuwa ya mtaa, kila anayekaa barazani anatoa chake, hata muuza kahawa. Hapa tuliona haya kuchangishana. Tulijihesabu wapita njia, na mpita njia hajengi.

Basi alasiri moja tumeshajipanga kucheza na timu ya Maskati, watu wamejaa, akaja karani wa Sheikh na gunia. Sheikh kapelekwa Bombay kwa matibabu, na wanawe mpira hawautaki.

"Samahanini," alisema, macho chini. "Mshahara ndio basi. Na vitu vya Sheikh nimeambiwa nivirudishe."

Vitu vya Sheikh ndizo hizo jezi tulizovaa. Tukazivua mbele za watu, zikaingia guniani pamoja na mipira. Nikasimama na fulana yangu yenye matundu, nikamfikiria mke wangu, nikakaa chini. Wapinzani wetu hawakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nyumbani Bi Zuwena hakunipa pole. "Mnakaa hapa kama abiria," alisema. "Nyiye mnangoja meli, na meli haiji. Klabu si yenu, ni ya huyo aliyekuvisheni. Mtoto wako atazaliwa hapa hapa, Salum. Mimi nnakwambia, kaa ujenge."

Nililia, mwanangu. Alilolisema halikuwa la mpira peke yake.

Kesho yake nikarudi ghalani, wakanipokea kwa ujira mdogo kuliko wa kwanza. Wachezaji wetu wawili hodari wakaenda zao Kuwait. Tuliobaki tukaanza kuchangishana, na Bi Zuwena akatushonea fulana kwa mashuka makuukuu. Tulifungwa sana msimu ule. Kila jioni nilifika uwanjani na hofu, nikitazama njia nione kama wenzangu watakuja. Walikuja.

Sasa wewe ndiye mweka hazina, na wiki hii mnatia saini mkataba na huyo tajiri. Sikukatazi kupokea pesa za mtu, zipokeeni na mumshukuru. Lakini mishahara iwe kwa kadiri ya mnachokipata wenyewe, kwa viingilio na ada za wanachama. Cha tajiri kinunulieni kitu kitakachobaki hata yeye akiondoka. Na nakuomba sana, usimwambie kijana wa watu aache kazi yake kwa fedha zilizo bado mfukoni mwa mtu mwengine. Kabla hujashika kalamu, jiulize: karani akija leo na gunia, mtabaki mmevaa nini?

Mungu akutilie baraka katika kazi yako, mwanangu, akuepushe na fedheha ya mbele za watu, na akupeni klabu ambayo hakuna wa kuja kukuvueni. Amin.