Inanna Hudai Mbadala

Mimi simwombei adui mema, na mungu wangu hajanitaka nimwombee. Namwabudu Inanna, mungu wa kike wa mapenzi na vita, aliyeabudiwa Iraki ya kale. Nilimjulia kwenye simu, katika kundi la wanawake wa nchi mbalimbali waliofufua ibada yake. Wenzangu wa chumbani Al Mansoura, mtaa wa vibarua wageni huku Uarabuni, walinzi kama mimi, walikuwa walokole, na Ijumaa, siku ya mapumziko huku, walikwenda kanisani. Mimi nilibaki na sahani yangu dirishani: tende, maji na mshumaa. Alfajiri Zuhura, nyota yake, ikichomoza nilimsalimu kwa sauti ya chini.

Aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa mtu wa kwetu kabisa, tukiitana dada. Tende za mungu wangu alizila mchana akidhani sioni, nami nikaweka nyingine. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Alikwenda kwa msimamizi wetu akasema naroga. Katika nchi hii neno hilo si la mchezo. Msimamizi aliogopa matatizo, hakuniuliza hata swali. Aliniondoa kwenye mlango wa maduka pale The Pearl, penye kiyoyozi na manukato ya watu, akanitupa jangwani nilinde ghala la mabomba.

Kule nilivuliwa kila kitu. Wanja ningejipaka wa nini, nani anione? Jua lilinichubua pua, vumbi likaingia hata kwenye ugali. Nilikuwa na hasira mpaka nikawa nasaga meno usingizini.

Lakini hadithi ya Inanna niliijua. Alishuka kuzimu, akavuliwa taji na mavazi lango baada ya lango, akauawa, akatundikwa. Alipofufuliwa, wenye kuzimu walimwambia hatoki mtu huku bila kutoa mwingine mahali pake. Akapanda duniani kumtafuta. Aliowakuta wamevaa magunia wakimlilia, aliwaacha. Mumewe alimkuta amependeza, amekaa kwenye kiti cha enzi. Akamnyooshea kidole.

Basi msimamizi akanipigia. The Pearl walikuwa wananitaka, kwa kuwa Kiarabu changu kinaeleweka. "Lakini mlinzi hatoki lindoni bila kupokewa," alisema. "Nitajie wa kukupokea, mimi nitampeleka."

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Al Mansoura. Mwenzetu wa kitanda cha mlangoni alinikumbatia akilia. Kikombe changu alikuwa amekiosha na kukifunika kwa kitambaa. Dada yangu alikuwa kwenye kitanda changu, cha dirishani, amejifunika leso yangu.

"Aki dada, umerudi? Nimekuombea, weh!" alisema, bila hata kuinuka.

Nikamwambia asijisumbue, alale tu. Nilitoka kwenye korido, nikampigia msimamizi, nikamtajia jina lake lote mpaka la babake. Nilisikia raha, sisemi uongo.

Siku hizi ananitumia sauti kwenye simu, akikohoa. "Dada, hii vumbi itanimaliza. Si unichukulie lindo hata mwezi mmoja tu, nipumue?" Nazisikiliza zote, nyingine mara mbili. Wanasema Inanna naye hatimaye alimlilia mumewe, akamruhusu apande duniani nusu ya kila mwaka.

Mimi bado sijalia.