Kidonge cha Saa Nane

Wifi yangu alipoambiwa ana presha, alimcheka muuguzi. Kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana, ametoka kupeleka beseni la karoti Goma asubuhi ileile, kichwani; presha gani hiyo? Muuguzi, kijana wa watu, akamweleza kwamba presha haipigi hodi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka mingi huku mishipa ikichakaa ndani kwa ndani. Akampa vidonge, kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Tena akamkataza chumvi.

Basi, kwa kuwa aliishi kwetu, tukakatazwa nyumba nzima. Tulikula isombe, yaani kisamvu, na viazi vya Bugeshi bila ladha yoyote. Mimi nilinung'unika, mume wangu, ambaye ni kaka yake, akanung'unika, wifi hakujali. "Mutazoea," alisema. "Mi siwezi kufa juu ya chumvi yenu." Yeye kakulia Goma, mimi nimekulia Karagwe, Tanzania. Tukiwa wawili tulizungumza Kiswahili, na changu alikiita Kiswahili cha redio.

Kila siku isipokuwa Jumapili tulivuka mpaka pamoja pale Petite Barrière, kwenda kuuza mboga Goma. Mboga tulinunua soko la Mahoko, upande wetu, jana yake, na mpakani tulifika kabla hakujapambazuka vizuri, maana anayechelewa anakuta wateja wa Goma wameshanunua. Foleni ile ina sheria zake. Ukitoka, aliye nyuma yako anasogea, na ukirudi hakujui. Unaweza kumwomba mwenzako akushikie nafasi, lakini atakuuliza unakwenda wapi, tena kwa sauti, kwa sababu pale hakuna anayenong'ona. Wifi aliogopwa. Mtu akijaribu kumpita alimtukana kwa lugha tatu, na ya tatu ilikuwa Kifaransa, ambacho hakijui.

Siku za kupimwa hakuvuka. Alipumzika kwanza kwenye benchi la kituo cha afya, akaweka mkono juu ya meza, na kipimo kikasoma si vibaya sana. "Endelea hivyohivyo, mama," muuguzi akamwambia. Akaendelea hivyohivyo.

Asubuhi moja, kwenye foleni, alianza kumtukana mwanamke aliyejipenyeza mbele yetu, na maneno yakamtoka yamelegea, hayashikiki. Watu wakacheka wakidhani anaigiza mlevi. Nami nilicheka. Kisha beseni likamponyoka, karoti zikatawanyika, mdomo ukaenda upande na mkono wa kulia ukabaki unaning'inia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Vijana wanaobeba mizigo ya watu wakambeba yeye. Hospitali wakasema ni kiharusi, na kwamba presha yake ilikuwa juu mno.

Sikuelewa. Mtu haonji chumvi, presha inapandaje? Nilirudi nyumbani kumchukulia vitenge, na chini ya vitenge nikakuta pakiti za vidonge, nyingi hazijaguswa. Watu hulia wakikuta mambo kama hayo. Mimi nilikasirika, tena sana. Miezi yote ile nimekula isombe isiyo na ladha kwa ajili ya mwanamke asiyemeza dawa!

Maneno yalipoanza kumrudia, nilimwekea zile pakiti mapajani pale kitandani. Hakuhangaika kukana.

"Ile kinini inanikojolesha," alisema polepole, akigusa vidonge. "Na pale kwenye mustari, choo iko mbali."

Kumbe alimeza Jumapili tu, siku isiyo na foleni, na siku chache kabla ya kupimwa, kwa kujikaza.

"Si ungeniambia nikushikie nafasi?"

"Mbele ya watu wote? Wewe unaongea nguvu sana."

Na yule kijana wa kituo cha afya je? Ni rika la mwanawe, akasema, angeanzaje kumweleza habari za mkojo? Nikamtajia methali, mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba yeye ameshazaa, na aliowazaa wanamtosha.

Muuguzi wa wodini, mama wa makamo, alikuwa anatusikiliza huku akipanga dawa za jirani. "Hii unaweza kuimeza mchana, ukisharudi nyumbani," alisema bila kugeuka. "Saa nane, kwa mfano. Ila iwe kila siku, hata siku unayojisikia mzima." Kisha akaenda kitanda cha pili. Basi, jibu lenyewe lilikuwa hilo tu, na lingepatikana tangu siku ya kwanza kama mtu angeuliza.

Sasa yuko nyumbani. Anatembea kwa kushika ukuta, anaongea, na matusi yamerudi yote, hata ya Kifaransa. Mkono haujarudi. Mimi navuka peke yangu, na nikirudi namkuta ameketi na pakiti yake, akingoja nimtolee kidonge.

Jumapili iliyopita nilimwambia awe anakimeza asubuhi na chai. Choo kipo hapo nje, nikasema, na foleni huna tena. Hayo ya mwisho yalinitoka kabla sijayapima.

Aliivuta pakiti kwa mkono wa kushoto, akaiweka mbali nami.

"Saa nane," alisema. "Siku nitarudi barrière, ikute nimeshazoea."

Nilimmiminia chai, tukakaa kungoja saa nane.